Komeo la Ndani

Sanduku lenyewe lilikuwa la mikate. Ukisogea ubavuni bado unaona kivuli cha maandishi ya kiwanda yaliyobanduliwa, na fundi anaapa kwamba siku za mvua harufu ya hamira hurudi. Lilikaa mgongoni mwa Kenta kwa miaka mingi. Kenta ikafa, sanduku likabaki. Sasa limepandishwa juu ya tela la ekseli moja, kwenye gereji ya uani huko Yombo, wilaya ya Temeke, na mama mmoja wa Tegeta, mstaafu wa benki, analisubiri ligeuke nyumba.

Mwenyewe anaita kampa. Anataka walivute kwa Land Cruiser ya mumewe, waende Ruaha, Katavi, mpaka Kitulo, walale porini bila kuulizana bei ya hoteli. "Kabla magoti hayajagoma," aliniambia kwenye simu. Fundi anaita banda. Baba yangu, ambaye nilimpitia Mbagala asubuhi ile ili asishinde ndani peke yake, anaita tela na hataki kusikia jina jingine. Aliishi na matela miaka 31, utingo kwanza, dereva baadaye. Kwake tela ni tela hata ukilitia mapazia.

Nilikwenda kuandika makala fupi ya gazeti kuhusu ubunifu wa mafundi wetu. Ilitoka, maneno 600 na picha moja. Hapa naandika yale ambayo hayakuingia.

Nianze na kazi, maana wengi tunadhani ni kutia godoro ndani ya boksi, basi. Tela la mjini halifai porini, limekaa chini mno. Fundi alianzia huko: springi zilizokuwa zimefungwa chini ya ekseli akazihamishia juu yake, na kwa kuhama huko tu tela zima likainuka. Tairi akatia za saizi moja na za Land Cruiser, ili akiba moja itumike pande zote mbili. Kona ya chini ya nyuma akaikata mshazari, lisije likakwangua ardhi likitoka korongoni. Tangi la maji ni la lita 100, na lita 100 ni kilo 100. Ukiziweka nyuma ya ekseli, tela litachezacheza mpaka litingishe gari linalolivuta. Kwa hiyo tangi, betri na makabati ya jikoni vimekaa chini, karibu na ekseli, na uzito kidogo umeegemea mbele. Kati ya bati na plaiwudi amejaza karatasi za foamu. Bati tupu hukuchoma mchana, na alfajiri linatoa jasho linalokudondokea usoni.

Siku tuliyofika ilikuwa siku ya madirisha. Mama alitaka matatu. Fundi alichora kwa chaki, akatoboa tundu kwenye kila kona ili bati lisije likachanika kuanzia hapo, akavaa miwani, akawasha grinda. Cheche zikaruka mpaka kwenye ndoo ya mchanga. Kipande kikaanguka kwa ndani na mwanga ukaingia. Kijana wake aliyekuwa ndani ameshikilia bati akatoa kichwa akicheka, kama konda anayeita abiria.

"Sasa hapa mtu anaweza kukaa," fundi alisema.

Baba hakucheka. Alizunguka tela kwa fimbo yake, akafika nyuma kwenye milango miwili ya sanduku, akafungua, akafunga, akafungua tena. Akapapasa upande wa ndani wa mlango kwa kiganja.

"Fundi, mwanangu, komeo la ndani liko wapi?"

"Mzee wangu, hii milango nimeiacha kama ilivyokuja. Mama ataingilia mlango mdogo wa ubavuni, huu wa nyuma ni wa kupitishia vitu tu."

"Na akifungiwa?"

"Nani amfungie, mzee?"

Baba akakaa kwenye tairi, hakujibu. Niliona ni uzee tu, nikarudi kwenye daftari langu.

Mfano anaoufuata mama wa Tegeta aliutuma kwa WhatsApp, na fundi ameuhifadhi kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Ni picha ya zamani: semitela mbili ndefu, zimechongwa mviringo kama samaki, zimeegeshwa ubavu kwa ubavu porini. Nilipofika nyumbani nilizitafuta. Ni za Attilio Gatti, Mwitaliano aliyezoea kuitwa Kamanda, aliyeingia nazo Kongo ya Wabelgiji mwaka 1938. Kampuni ya malori ya International Harvester ya Marekani ndiyo iliyompa magari, na mchoraji wa matela hayo alikuwa Alexis de Sakhnoffsky, mtu aliyejulikana kwa kuchora magari ya kifahari. Gatti aliyaita jahazi za starehe za msituni. Ukiyasogeza pamoja na kuyaunganisha unapata nyumba ya vyumba 5. Lilikuwemo jiko la umeme, bafu, baa, na mashine ya kupoza hewa. Mwaka 1938, msomaji, wakati sehemu kubwa ya Dar es Salaam bado inawasha kibatari.

Miaka 21 baadaye akaja mwingine. Wallace Byam, mwenye kampuni ya Airstream, aliongoza msafara wa matela 41 ya alumini kutoka Cape Town mpaka Cairo. Waliondoka 1959 wakafika 1960, wakiwa wamepita Kenya na Ethiopia. Wakayapanga matela yao kwa duara karibu na piramidi wakapigwa picha, na picha hiyo bado inauza matela mpaka leo.

Nimesoma habari nyingi za safari hizi mbili. Vyumba vinatajwa kimoja kimoja, hata baa inatajwa. Ila ukitafuta wale waliochimba matope mbele ya tairi za Gatti walilala wapi, unafunga kurasa bila jibu. Ndipo nikakumbuka kwamba nina mtu wa kumuuliza swali linalofanana na hilo, na yuko Mbagala.

Historia ya barabara ya Zambia huandikwa kwa viongozi na kilomita. Novemba 11, 1965, Ian Smith alijitangazia uhuru wa Rhodesia. Zambia ilikuwa ikipata mafuta yake kupitia huko, na ghafla njia ikafungwa. Malori yakaanza kutoka bandari ya Dar es Salaam na mapipa ya mafuta, yakirudi na shaba, juu ya barabara ya vumbi iliyopewa jina la Njia ya Jehanamu. Mwaka 1966 serikali za Tanzania na Zambia zikaunda kampuni ya pamoja ya malori. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA likafika Ndola. Reli ya TAZARA ikajengwa kuanzia 1970 hadi 1975, kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi. Haya yote yamo vitabuni.

Baba aliingia barabarani 1971, ana miaka 19, utingo wa tajiri mmoja binafsi. Kazi ya utingo ilikuwa kuweka jiwe nyuma ya tairi gari likikwama mlimani, kubadilisha tairi, kupika na kulinda mzigo. Kwenye kabini kulikuwa na kitanda kimoja nyuma ya kiti, nacho ni cha dereva. Utingo alilala chini ya tela. Si ovyo ovyo, ananiambia, kulikuwa na utaratibu. Unalala kati ya ekseli mbili, kichwa upande wa tairi la ndani, maana tairi lile linakukinga upepo na mwizi akitaka kulifungua lazima akuamshe. Turubai unalifunga upande mmoja tu. Ukifunga pande zote huoni miguu ya anayekuja. Jiko la mkaa lilisafiri limening'inia kwenye ndoano chini ya bodi, na sufuria, unga na chumvi vilikaa kwenye sanduku la spana. Mikumi hakulala chini, kwa sababu barabara inapita katikati ya hifadhi na simba hawajui ratiba. Pale alipanda juu ya mapipa akajifunga kamba kiunoni, asije akaanguka usingizini.

Nikimsikiliza nikawa najiuliza: hii si ndiyo kampa? Kulikuwa na chumba, kuna jiko, kuna stoo, kuna hata mpangilio wa uzito na upepo. Ile elimu ambayo fundi wa Yombo anaitafuta kwenye video za Wamarekani na Waaustralia, vijana wetu walikuwa nayo chini ya matela nusu karne iliyopita. Hakuna aliyeiita safari ya porini, kwa sababu walikuwa kazini.

Na mjini napo tuligeuza. Mwaka 1983 mabasi ya UDA yalipokuwa yamezidiwa, serikali iliruhusu watu binafsi kubeba abiria Dar es Salaam. Nauli ilikuwa shilingi tano, sarafu tuliyoiita dala, na jina la daladala likazaliwa hapo. Lakini mabasi hayakuwepo ya kutosha. Yaliyokuwepo ni malori madogo na pikapu. Mafundi wakayajengea bodi, wakaweka mabenchi mawili marefu, abiria wakakaa wanatazamana goti kwa goti. Tukaziita Chai Maharage, na wengi husema ni kwa sababu mlikaa kama mpo mgahawani asubuhi, sahani katikati. Baadaye zikaja DCM. Sisi tuliokulia Mbagala tuliitamka kama jina la mnyama, "disiemu". Ni herufi za Delhi Cloth Mills, kampuni ya India iliyoanza na kiwanda cha nguo, ikaja kuingia ubia na Toyota kuunda malori madogo. Lori la kampuni ya nguo, kwa mikono ya wachomeleaji, likawa basi la Kariakoo.

Wakati nikiwa mtoto sikujua kwamba nakaa ndani ya gari la mizigo. Nilichojua ni kugombania dirisha. Mama akinipakata alihakikisha uso wangu uko upande wa hewa. Sasa nikizitazama picha za magari yale naona kitu kimoja tu kinachotenganisha gunia na abiria: pale walipokaa watu, fundi alikata. Alikata pembeni kuingiza upepo, alikata nyuma pakawa mlango usiofungwa kabisa, konda akining'inia. Bodi nyingine zilikuwa za hovyo, nyingine ziliua watu, wala sizisifii. Ila hakuna abiria aliyehitaji kumwomba mtu wa nje ndipo atoke.

Kontena limekuja na akili nyingine. Mwaka 1956 Malcom McLean, Mmarekani aliyeanzia kwenye biashara ya malori, alipakia masanduku 58 kwenye meli huko Newark, na dunia ya bandari ikabadilika. Ubora wa kontena ni kwamba halifunguliwi njiani. Nondo za kufungia zote ziko nje. Ndani ya mlango hakuna kitu, bati tupu. Vitundu vya hewa vipo, vidogo, vya kuzuia mzigo usiote ukungu. Dar tumeyageuza kuwa maduka, ofisi, mabucha, na kila aliyegeuza alianza kwa kukata.

Tulipotoka gereji saa nane mchana tulikaa kwa mama lishe, tukaagiza wali na samaki. Baba akala nusu akasukuma sahani. Akasema, "Makambako. Sabini na nne, mwezi wa saba."

Sikuwahi kuisikia hadithi hii. Walikuwa na lori la boksi la bati, wamebeba mablanketi. Baridi ya Makambako mwezi wa saba haina utani, na yeye akaona chini ya gari hapalaliki. Akaingia ndani ya boksi, akalala juu ya mablanketi, akalala kama tajiri, kwa maneno yake. Dereva alirudi usiku kutoka kwenye pombe, akakuta mlango umeegeshwa, akamtukana utingo mzembe asiyejua kulinda mzigo, akafunga nondo, akapiga kufuli, akaenda zake gesti.

"Nikaamka kwa sababu ya kimya," Baba alisema. "Nikasukuma. Nikapiga. Nikaita jina lake, nikaita jina la mama yako mkubwa, nikaita Mungu. Mablanketi yanakula sauti, unajua? Ukipiga kelele ndani ya mablanketi ni kama unapiga kelele kwenye mto."

"Ukafanyaje?"

"Kulikuwa na tundu la kutu. Kama hivi." Akaonyesha ncha ya kidole kidogo. "Nikaweka mdomo hapo. Nikakaa hapo mpaka saa moja asubuhi, napiga magoti kama mtu anasali. Alipofungua akaniuliza, kwa nini hujapika chai?"

Nikamuuliza kwa nini hajawahi kusema. Akaniambia hakuona kama ni habari.

Neno hilo lilinigonga mahali pabaya. Juni 2012 nilikuwa mwanafunzi wa uandishi, nipo mafunzo kwa vitendo kwenye chumba cha habari cha gazeti moja hapa mjini. Zikaja taarifa kutoka mkoa wa Dodoma: zaidi ya Waethiopia 40 wamekutwa wamekufa, walikuwa wamefichwa ndani ya lori, wamekosa hewa. Nilipewa kazi ya kuifupisha habari ya ndani iwe aya sita. Niliifupisha vizuri, mhariri akanisifu. Wiki ile ya kurudi Yombo niliitafuta. Nimeandika "wahamiaji haramu" mara nne. Nimeandika idadi, mkoa, kamanda wa polisi alisema nini. Hakuna sentensi hata moja inayosema kama lile lori lilikuwa na tundu, au mlango ulifungwa upande gani. Sikuuliza, na sikujua kwamba hilo ndilo swali. Baba yangu alikuwa anasoma gazeti lile kila siku. Bila shaka aliisoma habari yangu, akalikunja.

Machi 2020 ikatokea tena, mbali kidogo. Lori lililotoka Malawi lilisimamishwa mkoa wa Tete, Msumbiji. Ndani ya kontena walikuwemo wanaume 78. Waliotoka hai ni 14. Siku hizo magazeti yote yalikuwa na korona, na maiti 64 zikapata nafasi ndogo. Vijana wale pia walikuwa wanasafiri, kama Gatti na Byam, kama mama wa Tegeta, kutoka upande mmoja wa Afrika kwenda mwingine, ndani ya sanduku lenye magurudumu. Mwenzao alipata mashine ya kupoza hewa mwaka 1938.

Sisemi kwamba mama wa watu asijenge kampa yake. Amefanya kazi miaka 35, aende akaone Katavi. Ninachosema ni kwamba tukiandika historia ya matela na masanduku katika nchi hizi, tusiianze kwa waliokuwa na baa ndani. Tuulize kila sanduku swali la Baba: komeo la ndani liko wapi? Swali hilo linakwambia aliyelijenga alidhani anabeba nini. Abiria wa Chai Maharage alionekana ni mtu, japo wa shilingi tano. Utingo alionekana sehemu ya gari, kama jiko na spana. Na wale wa Dodoma na Tete walifungwa kama mzigo, na aliyefunga alijua ni watu.

Jumanne nilimpigia mama wa Tegeta nikamweleza, si hadithi yote, Makambako tu. Alikaa kimya kidogo akasema, "Mwambie fundi atie, na bei nitaongeza. Na umsalimie mzee."

Tulirudi Yombo Jumamosi. Fundi alikuwa ameshakata tundu la mraba kwenye mlango wa nyuma na kupitisha chuma kinachoshika zile nondo kutoka ndani: ukivuta mkono chini, nondo zinaachia, hata kama nje zimefungwa. Kwa usalama wa wizi ameweka pini unayoichomoa ukiwa ndani. Juu ya kitanda amekata mlango mdogo wa dari, wa kutosha mabega ya mtu mzima, unaofunguka kwa kusukuma.

"Mzee wangu, shikamoo. Karibu ukague."

"Marahaba. Nifungie."

Tukatazamana. Baba alikuwa ameshapanda, ameshika fimbo yake. Fundi akafunga milango, akasukuma nondo. Nikasikia fimbo inagonga plaiwudi, inatafuta. Ilichukua muda kuliko nilivyopenda, nikasogea. Halafu chuma kikalia, nondo zikaachia, na mlango ukafunguka.

"Mkono huu uko juu sana," alisema. "Mtu akiwa amelala hafiki. Ushushe."

Fundi akachukua chaki.